Hukumu Husomwa Kutoka Nyuma

Jumatatu, 5 Oktoba 2015. Buffalo

Basi la kwenda chuoni Amherst limechelewa tena. Nimesimama kituoni nikirudia wasifu wa Jaji kwa sauti ya chini. Bibi mmoja akadhani naomba, akaitikia amina. Basi nami nikasema amina.

Wasifu umekamilika. Mwana wa karani wa posta. Wakili wa baiskeli, mafaili yamefungwa nyuma kwa mpira. Jaji wa Mahakama Kuu ya jimbo lake nywele zikiwa bado nyeusi, kisha Jaji Mkuu wa hapo, kisha mahakama ya juu kabisa ya India. Sasa amestaafu. Hukumu zake nimezipanga: mgonjwa aliye mfungwa asifungwe mnyororo kitandani. Shule isimfukuze mtoto kwa kukosa viatu. Mjane wa hamali wa reli alipwe pensheni hata kama cheti cha ndoa kimeliwa na mchwa. Na ile iliyo juu ya zote, ile iliyonileta mimi hapa kusomea udaktari wa sheria: Mtu asitolewe nyumbani mwake kabla hajaonyeshwa pa kulala.

Profesa amenipa kazi ya kumsindikiza. Louisville, Columbus, kisha hapa kwetu. Niendeshe gari, nibebe mikoba, nisome wasifu kabla hajapanda jukwaani. Wenzangu wana wivu. Na wawe nao.

Wakili wetu wa Nakuru ameandika tena. Rufaa ya kesi ya nyumba za kina Mama itasikilizwa mwezi huu. Mahakama ya Rufaa haitaki vipande, inataka kila kesi ya rejea iwe nzima, mwanzo hadi mwisho. Mahakama Kuu ya huko tulishinda kwa kurasa tatu tu za hukumu hii ya Jaji, ile kopi ya kopi yenye doa la chai pembeni, ambayo wamepeana mawakili hadi doa lenyewe limekuwa sehemu ya sheria. Mimi ndiye niliyempa, nikiwa mwanafunzi wa uwakili ofisini kwake. Nitamtumia hukumu nzima kabla ya wikendi. Kazi ya dakika tano.

Jumanne, 6 Oktoba

Kitambaa cha Mama kimefika, kimeletwa na msichana wa Nakuru aliyekuja kusoma. Cheupe, kimedariziwa kwa uzi mwekundu. Yale maneno ya hukumu kwa Kiswahili changu, na chini yake jina la Jaji, lote, hata zile herufi mbili za mwanzo ambazo sijui ni za nini. Mama ameshona saba. Sita viko kwenye viti vya sebuleni. Hiki cha saba ni zawadi ya Jaji.

Sebule yenyewe ndiyo inayogombaniwa. Mwekezaji amenunua shamba lote ambalo Mama na majirani zake wamejenga tangu mimi sijazaliwa. Anataka wahame, awapeleke wapi hasemi. Tukishindwa rufaa, tingatinga. Hivyo tu.

Mama Neema, mwenye nyumba wangu hapa mtaa wa Black Rock, amekishika kitambaa akakigeuza upande wa nyuma kuangalia mafundo. Amesema kazi safi. Yeye ni Mkongo wa Uvira na hasifu ovyo.

Jumatano, 7 Oktoba. Louisville

Nimempokea uwanja wa ndege. Mdogo kuliko nilivyodhani. Sweta ya kijivu, viatu vilivyong'arishwa, thamosi ya chai ambayo hataki nimbebee. Ana adabu hadi inachosha. Mlango ananifungulia yeye.

Wakati wa chakula aliniuliza nasomaje hukumu. Nikasema kama kila mtu, mwanzo hadi mwisho. Akatikisa kichwa. Yeye husoma kutoka nyuma. Kwanza nani ameshinda, ndipo arudi kinyumenyume aone kama sababu zinafika huko. Anasema mwanzoni mwa hukumu kila jaji ni mtu mwema. Nilicheka sana.

Kesho nitampa kitambaa? Hapana. Nisubiri Buffalo, mbele za watu. Mama anataka picha.

Alhamisi, 8 Oktoba. Louisville

Ukumbi ulijaa. Nilisoma wasifu bila kukwama. Nilipofika kwenye yale maneno nilitulia kidogo kama mhubiri, wakapiga makofi kabla sijamaliza. Nilikuwa na furaha ya kijinga.

Jaji alikuwa anaangalia viatu vyake. Kwenye hotuba alieleza mnyororo, viatu vya shule, mjane wa hamali. Ile kubwa hakuigusa. Nikadhani ni unyenyekevu.

Ijumaa, 9 Oktoba. Columbus

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi pale hotelini Louisville nilifungua kompyuta nimtumie Wakili hukumu nzima. Jaji alikuwa juu anafunga begi. Kwa utani nikasema nami nisome kutoka nyuma. Ukurasa wa mwisho, mstari wa mwisho: maombi yametupiliwa mbali. Kila upande ubebe gharama zake.

Nilidhani nimefungua kesi nyingine. Nikaangalia jina. Ndiyo hiyo. Nikarudi nyuma, ukurasa baada ya ukurasa. Waombaji hawana haki kisheria. Barabara ni ya umma. Wabomolewe. Maneno yetu yapo, ukurasa wa saba, chini ya kichwa cha hoja za waombaji. Si uamuzi. Ni ombi la watu walioshindwa.

Kwenye kurasa tatu za mwanzo kuna muhtasari, ulioandikwa na mhariri wa ripoti za sheria, si na Jaji. Mhariri alichota maneno ya ukurasa wa saba akayaweka chini ya neno Imeamuliwa. Alikosea. Nasi sote tukasoma muhtasari tu.

Mimi. Mimi niliyewasimanga wanafunzi wa mwaka wa kwanza kwa kunukuu wasichosoma. Sura ya tatu ya tasnifu yangu imesimama juu ya hiki kitu. Nyumba ya Mama imesimama juu ya hiki kitu. Nyani haoni kundule.

Niliendesha kama mtu aliyekufa ganzi. Nje ya Cincinnati nilishindwa kuvumilia. Nikamwambia nimefika ukurasa wa mwisho. Hakuuliza wa nini. Alisema tu nisimame tukipata mahali.

Tulikaa kwenye benchi la maegesho ya barabara kuu, malori yanapita. Akamimina chai kwenye kifuniko cha thamosi, akanipa mimi kwanza. Kisha akasema yote, bila kujitetea, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Ilikuwa mwaka wake wa kwanza kama jaji. Wakati huo walitamka hukumu papo hapo mahakamani, mpiga chapa anaandika. Kati ya waombaji kulikuwa na mama aliyeuza giligilani kando ya barabara. Wakili wao alipokwama, mama huyo alisimama nyuma akasema kwa lugha yake kwamba hakatai kuondoka, ila waonyeshwe kwanza pa kulala. Askari walitaka kumtoa. Jaji aliwazuia na kuamuru maneno yaandikwe. Kisha akaamua dhidi yao. Aliamini sheria haimruhusu vinginevyo. Baada ya wiki moja vibanda havikuwepo.

Miezi mingi baadaye ripoti ikachapishwa, akaona kosa. Aliandika barua ya kusahihisha. Kabla hajaituma, jaji wa jimbo jingine akayatumia maneno yale kuokoa mtaa mzima. Barua ikabaki kwenye droo. Kisha mtaa mwingine. Kisha akapandishwa cheo, na siku ya kuapishwa wakamsomea maneno hayo mbele ya mke wake. Baada ya hapo, anasema, haikuwa tena huruma. Ilikuwa woga.

Nikamwuliza jina la yule mama. Kesi ina jina la mwombaji wa kwanza, mwanamume. Yeye yumo kwenye "na wengine".

"Jina lake silijui," akasema. "Wala sijui alilala wapi."

Chai ilikuwa tamu mno. Nimeimwaga alipogeuka.

Jumamosi, 10 Oktoba. Columbus

Binti yake anaishi hapa, daktari wa meno. Ametupikia wali na dengu, amenikumbatia kama ndugu. Amenionyesha picha ya siku ile ya kuapishwa, iko ukutani.

Mchana nilipanda jukwaani. Maneno yamechapishwa kwenye ratiba, herufi nene. Binti yuko safu ya mbele. Jaji akaniangalia, mimi nikaangalia karatasi. Nikayasoma. Yote, na jina lake. Makofi.

Sasa nami ni mwongo. Ilinichukua siku moja, yeye angalau alianza na barua.

Jumapili, 11 Oktoba. Buffalo

Kutoka Columbus hadi hapa ilikuwa redio tu. Nimemwacha nyumba ya wageni ya chuo, Amherst. Alinishukuru kwa uendeshaji. Nilitaka kulia au kumpiga teke, sikufanya lolote.

Mama Neema alikuwa ametoka kanisani, ana sombe jikoni, kisamvu cha kwao. Aliona uso wangu. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama. Alisikiliza huku anakoroga. Mtoto wake alimwomba simu kwa Kiingereza, akamfukuza kwa Kiswahili.

"Bon," akasema. "Sisi, batu balitutosha mu nyumba kule Uvira, balitufukuza, hakuna mwenye alituuliza tutalala wapi. Donc ile maneno iko ya kweli, hata kama ule muzee hakuisema. Lakini wewe usitume nusu ya karatasi, mutoto yangu. Nusu, njo uongo yenyewe."

Rahisi kwake. Si nyumba ya mama yake.

Jumatatu, 12 Oktoba

Wakili alipiga nikiwa bado natafuta soksi. Nikamwambia ukurasa wa mwisho unasemaje. Nikasikia akifunga dirisha, kelele za mtaa wa Nakuru zikapungua.

Halafu akasema: "Nekesa, hiyo page mimi sijaiona. Na wewe haujaniambia kitu. Nitumie muhtasari, tuseme hiyo ingine library haina. Sawa?"

Nilisema nitampigia.

Nimetembea mara mbili kuzunguka jengo la sheria. Upande mmoja: mawakili wa mwekezaji ni wavivu kama sisi, wamesoma muhtasari, hawatagundua. Upande mwingine: wakigundua, kina Mama wataonekana matapeli, na majaji hawasahau. Hiyo ni hesabu ya kiwakili. Chini yake kuna jambo la kawaida zaidi. Mimi ndiye niliyempa Wakili kopi ile nikimhakikishia ni sheria. Nikijua sasa na nikanyamaza, nitakuwa na droo yangu mwenyewe.

Nikampigia Mama. Nilimweleza polepole, bila maneno ya sheria. Aliniacha nimalize, na hiyo si kawaida yake. Akauliza: "Kwa hivyo si Jaji alisema. Nani alisema?"

Mama mmoja wa soko, nikamwambia. Muuza giligilani.

"Na alishindwa."

Ndiyo.

"Akaenda kulala wapi?"

Nikasema hakuna anayejua. Akasema sufuria yake inaungua, akakata.

Mama hapiki saa hiyo. Kwao ilikuwa tayari wameshakula.

Nimemtumia Wakili hukumu nzima, na mwisho nimemwekea alama ya njano asije akasema hakuiona. Nimeandika pia kwamba asipowaambia majaji, nitawaandikia mimi. Halafu nimekaa sakafuni. Nimeuza nyumba ya mama yangu, pengine. Hakuna aliyenilazimisha.

Jumanne, 13 Oktoba

Bado siamini kilichotokea leo. Niandike kabla hakijapoa.

Nilimkuta Jaji kwenye ujia, nje ya ukumbi. Kitambaa nilikuwa nacho mkobani tangu Louisville. Sikutaka tena kumpa, ila si changu kunyima, ni cha Mama. Nikampa bila hotuba. Akakikunjua. Kiswahili hajui, lakini jina lake alilitambua, akalipitisha kidole. Akauliza maneno yale mengine ni nini. Nikamwambia. Akauliza nani ameshona. Nikamwambia, na nikamwambia pia kuhusu tingatinga, rufaa, kopi yenye doa, na kwamba jana nimetuma ukurasa wa mwisho.

Akakaa kwenye kiti cha mlinzi. Nilidhani anaugua.

Kwenye wasifu nikayaruka yale maneno. Profesa akanikazia macho kutoka safu ya mbele. Nikaendelea, mnyororo, viatu, mjane, nikashuka.

Jaji akapanda na kitambaa. Akakitandaza juu ya meza ya kusemea, kikaning'inia mbele, watu wote wakaona uzi mwekundu na jina lake. Hotuba aliyoandika hakuifungua. Akasema: "Maneno haya yamenipa heshima maisha yangu yote, na si yangu. Yalisemwa na mwanamke niliyeamuru abomolewe kibanda chake."

Alieleza kila kitu. Barua, droo, kiapo. Hakumtaja mhariri kwa ubaya. Hakusema maneno yale yameokoa watu wangapi. Nilikuwa nasubiri aseme, nikasikia aibu kwa niaba ya wote wakati hakusema.

Profesa alivua miwani, akaivaa, akaivua. Wanafunzi wawili wa Kihindi waliokuja na maua walibaki nayo mapajani. Binti yake alikuwa anafuatilia kwenye kompyuta kutoka Columbus, na alipiga simu papo hapo. Iliita mezani hadi ikachoka.

Hakuna aliyepiga makofi. Mmoja aliondoka akigonga mlango.

Baadaye aliniomba jambo moja. Nimwulize Mama kama yeye Jaji anaweza kukaa na kitambaa. Anajua hastahili, lakini aulizwe.

Jumatano, 14 Oktoba

Profesa ameniita. Ratiba za Buffalo zimekwisha kusambazwa zikiwa na maneno yale, na ofisi ya mkuu wa kitivo inauliza kwa nini mimi niliruka. Nilijua? Nilijua. Tangu lini? Nikasema tangu Ijumaa. Akaniambia Jumamosi Columbus niliyasoma. Nikasema ndiyo. Sura ya tatu naandika upya.

Mama hapokei simu. Dada yangu anasema yuko salama, anashona.

Alhamisi, 15 Oktoba

Mama amepokea. Nimempa ombi la Jaji. Amefikiri kidogo.

"Akae nayo," akasema. "Lakini jina lake alitoe mwenyewe, kwa mkono wake. Mimi zangu sita nishafumua."

Na maneno?

"Maneno yana kosa gani?"

Nimemwandikia Jaji hivyo hivyo, neno kwa neno, Columbus kwa binti yake.

Alhamisi, 22 Oktoba

Rufaa imesikilizwa Nakuru. Dada yangu alikuwepo. Wakili alisimama akasema kesi ya India anaiondoa, ilinukuliwa kimakosa, hukumu yenyewe iko kinyume nasi. Mawakili wa mwekezaji wakaanza kupekua makaratasi kama kuku. Hawakuwa wamesoma pia.

Halafu Wakili, ambaye juzi hakutaka kuona ukurasa ule, akaomba ruhusa kusoma ukurasa wa saba. Si kama sheria, akasema. Kama maneno ya mwanamke mmoja mahakamani. Akasoma. Jaji mmoja wa kike akauliza mwanamke huyo aliishia wapi. Wakili akasema haijulikani. Jaji huyo akaandika kitu. Ni nini, hakuna ajuaye.

Uamuzi utatolewa kwa notisi. Amri ya kuzuia ubomoaji inaendelea mpaka siku hiyo. Mama amerudi nyumbani kwa miguu na majirani zake, amekaa kwenye kiti chake.

Sijui kama tutashinda. Zamani ningekuwa na uhakika.

Jumamosi, 7 Novemba

Nimefua. Mama Neema amewasha hita ya chini, joto linapanda hadi kwangu bure.

Kumekuja bahasha ndogo, imetumwa kutoka Columbus, mwandiko wa mzee. Ndani hakuna barua. Kuna karatasi laini iliyokunjwa mara nne, na ndani yake nyuzi nyekundu, vipande vifupi vifupi, vingine vimekatika vibaya. Inaelekea alitumia mkasi wa kucha. Nimevihesabu nikaacha katikati.

Nimempigia Mama kumwambia. Akauliza kama ameharibu kitambaa.

Nikasema sijui, sijakiona.

"Vuta pumzi, Nekesa," akasema. "Mwanzo wa kufumua huwa mkono unatetemeka."